Barua kwa mwanangu aliyepangiwa halmashauri

Mama yangu, marahaba, shikamoo yako nimeipata. Meseji nimeisoma, eti umetupwa, yaani unaitwa kazini halmashauri kuwa afisa sheria wakati wenzako wa Law School wako Posta, Dar, kwenye ofisi za mawakili wanapiga suti, na wewe unataka siku moja uwe Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Ndoto nzuri, siicheki, ila nisikilize kidogo.

Kwanza kile kiti hakina fomu ya kuomba, Rais ndo anateua, iko ibara ya 59 ya Katiba, na lazima mtu awe na sifa ya uwakili isiyopungua miaka 15, sasa wewe na haraka hizo sijui unakimbilia wapi. Halafu angalia waliopita pale. Feleshi alikuwa DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, akawa jaji, akafika Jaji Kiongozi, mkuu wa majaji wa Mahakama Kuu, ndo 2021 akaitwa kuwa Mwanasheria Mkuu. Aliyempokea 2024, Hamza Johari, katokea TCAA, ile mamlaka ya usafiri wa anga, nani angebashiri? Masaju yeye alianza kukalia kiti ndo akaenda ujaji, na 2025 akawa Jaji Mkuu. Kila mtu na njia yake, kwahiyo anayekwambia ukianzia halmashauri umekwisha muache aongee.

Mimi nimestaafia masijala ya mahakama, ujue. Nimeona mawakili Kiingereza kinateleza kama mlenda halafu shauri linafutwa siku ya kwanza tu kwa sababu hati ya kiapo haionyeshi kaapa wapi na lini, mstari mmoja pale chini, mteja yuko kwenye benchi anauliza kwani tumeshindwa? Hajashindwa, hajasikilizwa kabisa.

Na hapo ndo halmashauri panapokufaa. Mtu akitaka kuishtaki anatoa notisi ya siku 90, ikigongwa muhuri wa masijala isije ikalala kwenye droo ya mtu, ifuatilie siku hiyohiyo. Siku hizi kesi za halmashauri Mwanasheria Mkuu anaunganishwa, na wanaokuja kusimama mahakamani ni watu wa Wakili Mkuu wa Serikali, ile ofisi ya kuisimamia serikali kwenye kesi za madai, iliyoanzishwa 2018 wakati mashtaka ya jinai nayo yalipotengwa kwenye ofisi yake. Sasa huyo wakili anayekuja hajui chochote kuhusu stendi yenu wala mkandarasi wenu, anakutegemea wewe: mkataba uliosainiwa, barua za kudaiana, muhtasari wa kikao cha madiwani kilichopitisha. Akikuta faili lina folio, yaani namba za karatasi, zimefuatana hakuna karatasi imechomolewa, jina lako analibeba kwenda nalo Dodoma, na nafasi ya uwakili wa serikali ikitokea kuna mtu anakujua kwa kazi. Wenzako wa Posta watachelewa sana kupata hiyo.

Mikataba midogo watakuletea uipitie jioni saa kumi na mkurugenzi anataka kusaini kesho. Soma yote, hata kama ni ya kuzoa taka, na maoni yako andika kwa maandishi, usimwambie mtu kwa mdomo kwenye korido. Kesi za pembeni usiguse, mtumishi wa umma hairuhusiwi na watu watakushawishi sana, hasa za viwanja.

Kodi ya miezi mitatu nakutumia mwisho wa mwezi maana mshahara wa kwanza huwa unasuasua. Godoro usinunue huko, mama yako anakuja nalo.

Baba