Kondoo wetu hawaishi Ulaya, sponji za nini?

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo la sponji za kondoo limeshika kasi huku kwetu Monduli na naona wafugaji wanaliwa hela. Kuna jamaa wanapita minadani na kwenye magrupu ya WhatsApp wanauza sponji za homoni za kuweka ukeni pamoja na sindano yake, wanasema ukimwekea jike anashika joto, yaani anakuwa tayari kupandwa, mwezi wowote unaotaka, hata nje ya msimu. Sasa mimi nauliza, msimu upi?

Dawa zenyewe si feki, hilo niliseme mapema. Zinafanya kazi, ila zilitengenezwa kwa shida ya Uingereza na Ufaransa huko. London mwezi wa 6 mchana unafika masaa 16 na zaidi, mwezi wa 12 hata 8 haufiki, na kondoo wa kule anafuata giza, usiku ukirefuka mwili wake unatoa melatonini, homoni ya gizani, kwa muda mrefu na hapo ndo anaanza kushika joto, mchana ukirefuka anazima. Kwa hiyo mfugaji wa kule akitaka wanakondoo miezi mingine inabidi amdanganye: sponji inakaa ukeni siku 12 mpaka 14, ikitolewa anachomwa PMSG, homoni ambayo inatolewa kwenye damu ya farasi mwenye mimba, na ndani ya siku mbili hivi jike anamtaka dume. Haya njoo Arusha. Tofauti ya mchana mrefu na mfupi mwaka mzima haifiki hata nusu saa! Kondoo wetu mwekundu wa Kimasai anashika joto kila baada ya siku 17 hivi, iwe Januari iwe Julai, mradi ameshiba. Hata kondoo wa aina ya Dorper tunaowanunua kwa bei ya kuua walipatikana Afrika Kusini kwa kuchanganya aina mbili, Dorset Horn ya Uingereza na Blackhead Persian, na Dorset yenyewe huko kwao inasifika kwa kutochagua sana miezi.

Huku kinachozima jike ni njaa. Pitisha vidole mgongoni nyuma ya ubavu wa mwisho, ukiweza kuhesabu pingili moja moja kama shanga, basi huyo usimwekee kitu chochote kwanza. Hela ya sponji nunua pumba na mashudu, mpe wiki mbili tatu kabla ya kupandwa, utaona tofauti na mapacha utapata.

Halafu kuna dume, ambaye unaye tayari bomani. Watafiti wa Australia Magharibi waliandika habari hii tangu 1944: majike waliozima ukiwatenga na dume kama mwezi, wasimwone wala wasisikie harufu yake, halafu ukamwingiza ghafla, homoni zinaanza kupanda ndani ya dakika chache na siku ya 2 au ya 3 yai linatoka. Ila linatoka kimya kimya bila joto, na hapa ndo wengi wangekata tamaa, kumbe joto lenyewe linakuja kwa mawimbi, la kwanza karibu siku ya 18 na lingine karibu siku ya 24. Wazee wetu wanamfunga dume ngozi tumboni asipande, ni akili nzuri sana ya kupanga uzazi, lakini mshtuko wa dume kuingia ghafla haupo kwa sababu dume yupo palepale na majike wameshamzoea. Aondoke kabisa, au uazime dume mgeni, mgeni ndo anaamsha zaidi.

Chukua mtu anayelenga soko la Krismasi. Dume anatengwa Septemba mwisho, anaachiwa mwanzoni mwa Novemba vuli ikianza kuleta majani, joto linakuja wiki ya tatu hivi ya mwezi huo, mimba ni miezi 5 kasoro siku chache kwa hiyo wanazaa kuanzia katikati ya Aprili, masika, maziwa yapo, na Desemba una wanakondoo wa miezi 8 wanaolingana. Idd kubwa nayo inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, inawasumbua sana wenye kondoo wa msimu, sisi tunasogeza tu tarehe ya kumwachia dume.

Sikatai sponji moja kwa moja. Anayefanya uhimilishaji, yaani kupandisha kwa mbegu bila dume, anazihitaji ili majike wote washike joto siku moja. Lakini wauzaji waseme yote bwana! Majike 40 wakishika joto usiku mmoja na wewe una dume mmoja, kwa heri, inatakiwa dume mmoja kwa majike 10 au pungufu. PMSG ikizidi jike anabeba watatu wanne, matiti anayo mawili, nani atawanyonyesha? Na mama mjamzito asishike hizo sponji kabisa, homoni inapita kwenye ngozi, hata wengine wavae glovu. Sijasikia muuzaji akiyasema haya.

Naomba maafisa mifugo wa kata wapite minadani wakague, maana hizo chupa za PMSG nimeziona zimepangwa juu ya turubai saa saba mchana, jua la utosi, karibu na viroba vya chumvi, na anayeuza hakuuliza mtu kondoo wake ana kilo ngapi.

Mfugaji, Monduli