Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa TCU: Hukumu za Arusha ziingie darasani

Ndugu Katibu Mtendaji,
Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania,

Nafundisha historia na maadili ya vyombo vya habari. Nakuandikia kuhusu mitaala ya shahada za uandishi wa habari inayofika mezani kwenu kuombewa ithibati.

Wanafunzi wangu wanaieleza kashfa ya Watergate ya Marekani hatua kwa hatua. Ukiwauliza kesi ya Sauti ya TANU, jarida la chama cha TANU, darasa zima kimya. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishtakiwa kwa kashfa ya jinai, yaani kumchafulia mtu jina kunakohesabiwa uhalifu, kwa makala iliyowashutumu mabwana shauri (wakuu wa wilaya) wawili wa kikoloni. Akatiwa hatiani: faini shilingi 3,000 au jela miezi 6. Alilipa. Kosa lile likavuka uhuru pamoja nasi, likaingia hadi katika Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016. Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, hapo Arusha, ikaamua kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo, vikiwemo vya kashfa ya jinai na uchochezi, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Asiyeujua mlolongo huo atajadili vipi sera ya habari ya nchi hii?

Arusha hiyohiyo, mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, ndiko ilikosikilizwa kesi ya vyombo vya habari vilivyochochea mauaji ya kimbari ya Rwanda. Ferdinand Nahimana, mwanahistoria wa chuo kikuu, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa RTLM, redio iliyowaita Watutsi mende na kutaja hewani majina ya watu wa kuwindwa. Desemba 2003 Jaji Navanethem Pillay alimwambia kwamba bila bunduki wala panga amesababisha vifo vya maelfu ya raia wasio na hatia. Akafungwa maisha. Mwaka 2007 rufaa ikapunguza kifungo hadi miaka 30, na hapo ndipo penye somo lenyewe. Majaji walitenganisha maneno ya chuki na uchochezi wa moja kwa moja wa kuangamiza watu: matangazo ya kabla ya tarehe 6 Aprili 1994, siku ndege ya Rais Habyarimana ilipotunguliwa na mauaji yakaanza, hawakuridhika kuwa yalifika huko, baadhi ya yaliyofuata, ndiyo. Nikiwapa wanafunzi kurasa za sehemu hiyo tu, kipindi hakitoshi. Wanataka kujua mstari unapita wapi hasa, na mwenye redio anabeba nini kwa kauli ya mtangazaji wake. Ni maswali watakayokutana nayo kazini, usiku, mhariri akiwa ameshalala.

Nadharia za kutoka nje zina kazi yake, sizikatai. Lakini kanuni za sheria yetu zinamtaka mwandishi awe na angalau stashahada ya chuo ndipo atambuliwe. Kama chuo ndicho mlango, kinachofundishwa humo si siri ya idara.

Naomba Tume isipitishe shahada ya habari ambayo historia, maadili na sera vimebanwa katika wiki mbili za somo jingine. Kila kimoja kiwe somo la lazima, na kesi za Afrika Mashariki ziwe kiini chake. Naomba pia vyuo vishirikiane kutafsiri sehemu muhimu za hukumu hizo kwa Kiswahili; ile ya Rwanda ya mwaka 2003 pekee ina kurasa zaidi ya 300 za lugha ngumu ya mahakama, na wanafunzi wengi wanaishia kurasa za mwanzo.

Mkinipa nafasi mbele ya wataalamu wenu wa mitaala, nitakuja na orodha ya kesi za kuanzia.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mhadhiri wa maadili ya habari