Albamu ya Beach Boys iliyopitwa bila kusikilizwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe rai kwa wapenzi wa muziki wa zamani, hasa sisi tunaoimba na kufundisha kwaya hapa Mwanza. Kila anapotajwa Brian Wilson, aliyefariki dunia Juni 2025, na kundi lake la Beach Boys la California, waandishi huisifu albamu yao ya Pet Sounds ya mwaka 1966 na kuishia hapo. Sina ugomvi na sifa hizo. Kinachonisikitisha ni kuona Friends, iliyotoka Juni 24, 1968, ikirukwa kana kwamba haikurekodiwa.

Ni kweli kwamba haikuuzika. Marekani iliishia nafasi ya 126 katika chati ya Billboard, ingawa Uingereza ilifika nafasi ya 13. Mwaka huo ulikuwa wa misiba: Martin Luther King aliuawa Aprili, Robert Kennedy akauawa mapema Juni, vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto, na vijana wengi walikuwa wamehamia kwenye magitaa ya ngurumo ya Jimi Hendrix na Cream. Katikati ya hayo wakaja ndugu watatu, Brian, Dennis na Carl Wilson, pamoja na binamu yao Mike Love na wenzao, wakiimba kwa upole kuhusu urafiki, mapambazuko na mapenzi ya nyumbani, katika nyimbo 12 ambazo zote kwa pamoja hazifikishi nusu saa.

Hapo ndipo mwalimu wa kwaya anapopaswa kutega sikio. Sehemu kubwa ya kazi hii ilirekodiwa nyumbani kwa Brian, mtaa wa Bel Air jijini Los Angeles, na ukaribu huo unasikika, kwa maana hakuna anayepaza sauti ili amfunike mwenzake. Wimbo uliobeba jina la albamu unakwenda kwa mapigo matatu, na sauti zinaachana na kukutana tena bila sauti ya kwanza kukimbia mbele. "Passing By" hauna neno hata moja. Sauti za binadamu zinafanya kazi ya ala, na wimbo haupungukiwi kitu. Dennis, mpiga ngoma ambaye hadi wakati huo hakuhesabiwa miongoni mwa watunzi, alitoa humu "Little Bird" na "Be Still", alizoandika pamoja na mshairi Stephen Kalinich. Huo wa pili anauimba peke yake juu ya kinanda, kwa sauti isiyonyooshwa sana, nami sijui wimbo mwingine wa kundi hilo unaogusa moyo kwa vitu vichache namna hiyo.

Kasoro ipo. "Transcendental Meditation", unaofunga albamu, una vyombo vya kupuliza vyenye kelele ambavyo vinavuruga utulivu uliojengwa tangu mwanzo.

Mji wetu, uliotoa kwaya kama AIC Makongoro, hauna uhaba wa sauti. Tatizo ni kwamba kwaya nyingi sasa zinapima uzuri wa wimbo kwa ukubwa wa spika. Kwa hiyo naomba ukurasa wako wa burudani uiandikie Friends makala kamili, na walimu wenzangu wawasikilizishe waimbaji wao albamu hiyo, kisha wajaribu kuimba sauti nne bila kipaza sauti hata kimoja.

Mwalimu wa kwaya,
Nyakato, Mwanza