Mpelelezi wetu msimpe simu ya mkononi

Ndugu Mhariri,

Miaka yote nimelisoma gazeti lako nikanyamaza, lakini ile habari ya mpelelezi wa riwaya za zamani kurudishwa kwenye televisheni, na tamthilia yenyewe kupigwa picha hapa Mwanza, siwezi kuiacha ipite. Mtayarishaji alimweleza mwandishi wako kwamba shujaa atakwenda na wakati: simu ya kisasa, droni, kijana wa kompyuta wa kumfungulia kila kufuli, na vipindi 26. Nimeudhika, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza, habari ile ilimwita kachero, mara jasusi, mara mpelelezi, kana kwamba ni mtu mmoja. Sivyo. Willy Gamba, shujaa wa riwaya za Elvis Musiba, ni mtu wa serikali; akikwama, nyuma yake kuna ofisi, tiketi ya ndege na bastola asiyoinunua yeye. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla ana kiko chake na akili yake. Joram Kiango wa Ben Mtobwa ndiye aliye jirani na huyu tunayemzungumzia, yule wa kujitegemea. Mpelelezi wa kukodiwa ana miguu na ulimi, basi. Anagonga mlango, anauliza, anadanganywa, anapigwa, anarudi kwenye mlango uleule kesho yake. Hadithi ni huo mwendo wa mlango hadi mlango. Ukimpa simu inayoonyesha kila mtu alipo, mwendo umekwisha, na mwandishi hubaki kurusha risasi ili dakika zijae.

Waliolifanya jambo hili vizuri walilijua hilo. Marekani walipomrudisha Perry Mason, wakili wa riwaya za zamani, kwenye televisheni mwaka 2020, walimpeleka Los Angeles ya 1932 wakamfanya mpelelezi wa kukodiwa kabla hajawa wakili. Philip Marlowe, mpelelezi wa riwaya za Raymond Chandler, alipoletwa katika miaka ya 1970 kwenye filamu ya mwaka 1973, aliachiwa suti yake, sigara zake na gari lake la zamani, na mji mzima ukamshangaa. Wakati ulisogezwa, mtu hakuguswa.

Sisi tuna mwaka wetu, nao ni 1983. Machi mwaka huo ulianza msako wa wahujumu uchumi, Waziri Mkuu Sokoine akiwa mbele. Sukari, sabuni, mafuta ya kula na khanga vilikuwa vimeadimika, na aliyekutwa na akiba asiyoweza kuieleza alikuwa mashakani. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha miaka minne tu nyuma. Magendo yalivuka ziwa kwenda na kurudi. Vijijini Usukumani sungusungu walikuwa wameshaanza kuwasaka wezi wa ng'ombe kwa filimbi, pinde na mishale, bila kumsubiri polisi. Sasa mweke hapo mtu mmoja mwenye chumba kimoja hapa mjini, mtaa wa Makoroboi, hana kibali, hana mkubwa wa kumtetea. Mteja anataka kumlipa katoni ya sabuni, maana noti hazinunui kitu dukani. Akiipokea, naye ni mhujumu. Akiikataa, analala njaa. Akitaka kuzungumza na mtu wa Dar es Salaam huenda akalazimika kupitia kwa opereta wa simu, na opereta ana masikio. Akimfuata mtu Bukoba, watakuwa ndani ya meli moja usiku kucha, na hakuna pa kushukia kabla ya asubuhi. Hayo yote yapo bure, hayahitaji droni wala kijana wa kompyuta, na mtayarishaji anayatupa ili shujaa wake afanane na kila shujaa tuliyekwisha kumwona. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994. Mtu huyu alikulia kwenye karatasi, kila msomaji akamchorea sura yake kichwani. Atakayempa sura ya kwanza kwenye skrini ana deni kwa wasomaji hao wote.

Halafu kile kipande cha majaribio cha tamthilia hii kinachozunguka kwenye simu za watu. Mpelelezi amesimama mwaloni, boti za uvuvi zinapotia nanga, usiku, nyuma yake ziwa limejaa taa za wavuvi wa dagaa, na juu yao mwezi mpevu. Mtoto yeyote wa Kirumba atakwambia hilo haliwezekani. Dagaa huvuliwa wakati wa giza kwa sababu hukusanyika penye taa. Mwezi ukiwa mkubwa mwanga umetapakaa kila mahali, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi hupumzika. Pigeni picha hizo siku za giza, na mjiandae, maana ndizo siku wadudu wa ziwani hutoka kwa wingi na kufunika kila taa nyeupe. Wekeni taa moja nyeupe kali mbali na waigizaji, hatua 40 hivi, iwavute huko, na waigizaji muwamulikie kwa taa za rangi ya manjano. Karabai halisi, ile taa ya mafuta ya kupiga pampu, msiwashe penye mazungumzo, inavuma kama nyoka. Wekeni balbu ndani yake na mvumo muutie baadaye wakati wa kuhariri. Mazungumzo ya ufukweni yarekodiwe kabla ya saa nne asubuhi, maana baada ya hapo upepo wa ziwani hupanda na maikrofoni isiyovalishwa manyoya hainasi kitu ila upepo. Kwenye kipande kile nusu ya maneno yamemezwa, wakayafunika kwa muziki. Na mkikubali mwaka 1983, kamera isielekee daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025, wala minara ya simu vilimani, wala bodaboda. Meli ya zamani ya MV Victoria imerudi majini tangu 2020 ikiwa na sura mpya na jina lililoongezwa. Kwa nje haifai.

Vipindi 26 navyo ni vya nini? Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja. Vipindi 26 vya dakika 45 ni kurasa 1,170, na riwaya hizi nyingi hazifiki kurasa 200. Kitakachojaza pengo ni wivu wa mke wa pili na mtu kuendesha gari dakika tatu nzima.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye vitabu vyenyewe, ambavyo habari yenu haikuvigusa kabisa. Vinatafutwa mjini humu havipatikani. Kinachopatikana ni vipande vilivyochapwa upya na watu wasiojulikana kwenye mitandao, sura ya nne imerukwa, jina la mtunzi limefutwa na la mwingine kuwekwa. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inalinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Wengi wa watunzi wale wameshafariki, lakini familia zao zipo na haki ni yao. Mtayarishaji aseme hadharani amesaini na nani.

Ninachotaka ni hiki. Vipindi sita. Hadithi ianze Machi 1983, iishe Aprili 1984, mwezi aliofariki Sokoine. Bastola isionekane kabla ya kipindi cha tatu. Kamera isijue jambo lolote kabla ya mpelelezi kulijua. Kitabu kichapwe upya, nakala 2,000, kwa jalada lake la zamani na jina la mtunzi kwa herufi kubwa, na kiuzwe stendi ya Nyegezi na mwaloni Kirumba wiki mbili kabla ya kipindi cha kwanza, kwa bei ambayo abiria wa basi ataitoa mfukoni bila kuhesabu mara mbili.

Msomaji wenu,
Igogo, Mwanza