Tusinunue miksa kwa kuhesabu chaneli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme na kamati za kwaya, kumbi, shule na misikiti, zile ambazo huchangisha fedha za vyombo kwa miezi kadhaa, kisha zikifika dukani kununua miksa, ile meza ya kuchanganyia sauti, zinauliza swali moja tu kuhusu chaneli, yaani njia za kuingizia sauti: "Miksa hii ina chaneli ngapi?" Muuzaji anajibu kumi na mbili, kamati inalipa, na siku ya kwanza ya kuitumia spika zinapiga mluzi mbele ya wageni. Lawama zinaangukia spika au fundi mitambo, wakati kosa lilishafanyika kaunta.

Tuanze na hiyo hesabu yenyewe. Namba iliyoandikwa kwenye boksi si idadi ya maikrofoni. Chukua Yamaha MG12XU, miksa nzuri tu na inayofahamika. Inaitwa ya chaneli 12, lakini maikrofoni zinazoingia ni 6. Chaneli nne ni za mono, na nane zilizobaki ni jozi nne za stirio, ambazo zaidi ni za kinanda, simu au kompyuta, ingawa jozi mbili zina pia tundu la maikrofoni. Kwaya yenye maikrofoni nane ikinunua hiyo, mbili zitabaki ndani ya begi. Kwa hiyo mnunuzi aangalie paneli na ahesabu kwa kidole yale matundu ya mduara yenye vishimo vitatu, ya XLR. Hayo ndiyo maikrofoni zake.

Akimaliza, ahesabu AUX, kitu ambacho kamati hazikiulizi kabisa. Kila AUX ni njia ya pembeni inayotoa mchanganyiko tofauti na ule unaokwenda ukumbini. Waimbaji wanataka kujisikia kwenye monita, spika zinazowaelekea pale jukwaani, na mpiga dramu hataki kusikia anachotaka kusikia msolo. Miksa niliyoitaja ina AUX mbili, moja ikiwa ndiyo pia ya mwangwi, kwa hiyo kwa kawaida inabaki monita ya mchanganyiko mmoja, na jukwaa zima lisikie hivyohivyo. Kaka yake MG16XU ana AUX nne. Behringer X32, ambayo ni ya dijitali, ina njia 16. Kwa kwaya inayoimba na bendi, chini ya AUX tatu ni kutafuta ugomvi.

AUX nayo ina tabia mbili, PRE na POST. Ya PRE huchota sauti kabla haijafika kwenye feda, kile kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti ya chaneli, hivyo fundi akipandisha au kushusha feda kwa ajili ya ukumbi, monita haibadiliki. Hiyo ndiyo ya monita. Ya POST hufuata feda, na hiyo ni ya mwangwi. Ukizibadilisha utaona cha mtema kuni: monita ikiwa POST, kila unapomwongeza mhubiri ukumbini unamwongeza na miguuni pake, maikrofoni inaisikia monita, mluzi unaanza. Mwangwi ukiwa PRE, unafunga feda ya mwimbaji aliyemaliza lakini sauti yake inaendelea kuelea ukumbini kama mzimu. Miksa nyingi ndogo zina swichi ya PRE kwenye AUX moja tu. Itafuteni kabla ya kulipa.

Sasa GAIN. Ni nobu ya juu kabisa katika kila chaneli, na ndiyo inayoharibu shughuli nyingi kuliko nobu nyingine yoyote, kwa sababu watu huidhania ni ya kuongeza sauti. Kazi yake ni kupokea. Maikrofoni hutoa umeme wa milivolti chache, na GAIN huukuza ufikie kiwango ambacho miksa inaweza kuufanyia kazi. Ikiwa chini mno, fundi atasukuma feda hadi juu kabisa, na sauti itakuja na ule mchakacho wa "shhh". Ikiwa juu mno, sauti inapasuka palepale mlangoni, na ukishusha feda unakuwa umepunguza tu sauti iliyokwisha kupasuka.

Namna ya kuiweka ni hii. Shusha feda, rudisha GAIN mwisho wa kushoto, bonyeza PFL ya chaneli hiyo (swichi ya kuisikiliza na kuipima kabla ya feda), kisha mwambie mwimbaji aimbe pale anapopanda juu zaidi katika wimbo wake. "Moja, mbili, testi" haifai kitu. Hakuna anayetumbuiza kwa sauti hiyo. Zungusha GAIN polepole hadi taa za mita zicheze kwenye 0 na kurukia +6 anapokaza. Taa nyekundu ya PEAK ikimemeta, rudi nyuma kidogo. Kwenye miksa ya dijitali kipimo ni kingine: sauti ya kawaida ikae karibu na -18 na isiguse 0 hata kidogo, maana juu ya hapo hakuna nafasi tena. Kisha achia PFL na upandishe feda hadi alama ya 0.

Kwa nini hapo kwenye 0? Tazama mistari iliyochorwa pembeni ya feda. Karibu na 0 imeachana, na huko chini imebanana. Ukisogeza feda sentimita moja karibu na 0, sauti hubadilika kwa desibeli chache tu, unaweza kumpandisha mwimbaji kidogo bila mtu kushtuka. Sentimita hiyohiyo huko chini inaruka desibeli 20 au zaidi. Fundi ambaye feda zake zote zimelala chini, GAIN zikiwa juu, anajaribu kushona kitambaa laini kwa sindano ya magunia. Na shughuli ikishaanza, GAIN isiguswe, kwani iko kabla ya AUX ya PRE: ukiiongeza kwa ajili ya ukumbi, monita zote zinapanda nayo.

Kuhusu mluzi, kuna hesabu ambayo kila kwaya ingeibandika ukutani. Kila mara idadi ya maikrofoni zilizo wazi inapozidishwa mara mbili, unapoteza desibeli 3 za sauti unayoweza kutoa kabla mluzi haujaanza. Kutoka maikrofoni moja hadi nane, umepoteza desibeli 9. Ndiyo maana swichi ya MUTE, ya kunyamazisha chaneli, ina thamani kuliko athari 24 za mwangwi zinazosifiwa kwenye boksi. Anayesoma risala aachwe peke yake; nyingine zote zifungwe. (Na mshereheshaji anayeikumbatia maikrofoni kichwani kwa kiganja, akidhani ndiyo mtindo, anaifanya isikie pande zote, pamoja na spika iliyo nyuma yake. Miksa haina nobu ya kumtibu huyo.)

Swichi ndogo ya kukata besi, iliyoandikwa 80 Hz au 100 Hz, ibonyezwe kwa kila maikrofoni ya mtu. Inaondoa upepo, vishindo vya jukwaa na ule mpasuko wa herufi "p" na "b". Isibonyezwe kwa gita la besi, ambalo waya wake mnene hushuka hadi hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), wala kwa dramu kubwa. Kwenye ikwalaiza, yaani nobu za kurekebisha besi, sauti za kati na za juu, tafuteni miksa ambayo sauti za kati zina nobu mbili, moja ya kuongeza na kupunguza, nyingine ya kuchagua mahali. Mluzi ukianza, punguza ile ya kwanza kama desibeli 6, kisha zungusha ya pili taratibu hadi mluzi unyamaze. Ikwalaiza yenye nobu moja ya kati iliyofungwa kwenye hezi 2,500 haiwezi kuufuata mluzi ulio kwenye hezi 800.

Nigusie kosa moja la kebo, maana linawachanganya hata wazoefu. Simu inachomekwa kwenye tundu la jeki la chaneli ya mono kwa kebo ya stirio, na wimbo unatoka bila mwimbaji. Watu wanalaumu faili. Kinachotokea ni kwamba tundu hilo limetengenezwa kutoa tofauti kati ya nyaya mbili, ili kufuta kelele zilizodakwa njiani. Simu nayo inaleta kushoto kwenye waya mmoja na kulia kwenye mwingine. Chochote kilicho sawasawa pande zote kinafutika, na katika nyimbo nyingi hicho ni sauti ya mwimbaji na besi. Vinabaki vinanda vya pembeni na mwangwi. Dawa yake ni kebo inayogawanyika kuwa jeki mbili za mono, zinazoingia kwenye chaneli ya stirio, kushoto na kulia.

Kwa wanaotaka miksa hiyohiyo irekodi studio, neno USB lisiwalaghai. Kuna USB ya kuchezea flashi tu. Kuna USB inayopeleka kompyutani mchanganyiko uliokwisha kuchanganywa, njia mbili. Mwimbaji akizidi gita humo, amezidi milele. Na kuna inayopeleka kila chaneli peke yake, kama X32 inavyopeleka 32, ambapo unaweza kurudi kesho ukarekebisha sauti moja moja. Bei zake zinatofautiana sana, kwa hiyo muulizeni muuzaji swali hili waziwazi: njia ngapi zinaingia kwenye kompyuta kwa wakati mmoja?

Maikrofoni za kondensa zinazopendwa studio na juu ya kwaya hazitoi sauti bila swichi ya 48V, inayozipelekea umeme kupitia kebo yake. Kwenye miksa ndogo swichi hiyo ni moja kwa chaneli zote. Maikrofoni za kawaida za mkononi haiziumizi ikiwa kebo ni nzima, ila iwashwe feda zikiwa chini, la sivyo spika zitapigwa kishindo. Ndiyo sababu pia miksa huwashwa kabla ya amplifaya, na wakati wa kuzima amplifaya hutangulia.

Ukisikia mvumo mzito usiokoma, huo kwa kawaida ni umeme wetu wa hezi 50 unaozunguka kati ya vifaa vilivyochomekwa kwenye soketi za mbali. Lisheni miksa na amplifaya kutoka chanzo kimoja, na kinanda kipitie kisanduku cha DI, cha kuunganishia chombo na miksa, chenye swichi ya kutenganisha ethi, yaani waya wa ardhini. Asitokee mtu wa kukata pini ya ethi kwenye plagi. Maikrofoni ni chuma na inagusana na midomo yenye mate. Hitilafu ikitokea, anayeimba ndiye atakayekuwa waya wa ethi.

Miksa ya dijitali inatunza mipangilio ya kila kwaya na kuiita kwa kubonyeza mara moja, lakini umeme ukikatika inahitaji muda kuwaka tena, na ukumbi unakaa kimya ukiisubiri. Mkiinunua, nunueni na UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, siku hiyohiyo.

Mkienda dukani, bebeni maikrofoni moja, kebo yake na hedifoni. Ichomekeni chaneli ya kwanza, bonyezeni PFL, zungusheni kila nobu taratibu mtu akiwa anaongea, kisha sogezeni feda kutoka chini hadi juu huku mkisikiliza njia kuu. Nobu inayokwaruza au feda inayokata sauti katikati ikataeni hapohapo. Kisha hamieni chaneli ya pili, na msikubali kuharakishwa hadi mfike ya mwisho.

Fundi mitambo,
Morogoro