Barua ya wazi kwa watoto na vijana wa Afande, Gerezani

Wanangu, assalaam aleikum.

Nawaandikia nyote: mliozaliwa na marehemu, na ninyi mafundi na wauza spea aliowalea mkononi mwake. Naandika hadharani kwa sababu Afande hakuwa wa nyumba moja. Siku ile Kisutu, jeneza lilipita mikononi mwa watu ambao hata ninyi wanawe hamkuwajua.

Arobaini inakaribia, na nasikia mambo mawili yanazungumzwa. La kwanza ni fulana zenye picha yake. Hilo sina neno nalo. La pili ni daftari la madeni, kwamba lifunguliwe na kila aliyeandikwa humo afuatwe nyumbani kwake. Hili limeninyima usingizi.

Daftari lile nalijua. Kauntabuku lenye jalada gumu, limefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Kila mstari una jina, kitu alichochukua mtu, beringi au fenibelti, na bei yake. Pembeni mzee aliandika sababu kwa herufi ndogo: mke kajifungua, gari limelala Chalinze, mtoto anaanza shule. Mdaiwa aliyefariki, mzee alimpigia mstari mwekundu na kuandika neno moja: tumemaliza. Nilimwona siku moja ametoka kuzika dereva wa daladala. Kofia hajavua, vumbi la makaburini bado liko miguuni, akaomba kalamu nyekundu kabla hata ya maji ya kunywa.

Tabia hiyo hakuipata sokoni. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera na kulipua daraja la Kyaka, baba yenu alikuwa kijana, fundi wa magari jeshini. Alikwenda na malori yale kupitia Mutukula na Masaka, akawa Uganda Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Vita hakuvisimulia sana. Aliyekuwa akimtaja ni mwenzake aliyemwazima spana asubuhi na jioni hakurudi kuidai. Spana ile ndiyo iliyokuwa ikining'inia ukutani nyuma ya meza yake, ile mliyoambiwa haiuzwi.

Akarudi Dar es Salaam, nchi imechoka kwa gharama za vita. Fedha za kigeni hakuna, spea hakuna, magari yamepangwa juu ya mawe mitaani. Akaanza chini ya mwarobaini kwa kufufua vilivyokufa: kuchonga bushi, kukata gasketi kwenye mpira wa tairi kuukuu. Duka lilikuja baadaye, enzi za ruksa ya Mzee Mwinyi, bidhaa za nje zilipoanza kuingia. Wengi wenu mlikuta mabati na rafu zimejaa, mkadhani ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

Alipenda kuwakumbusha vijana kwamba hata jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Waafrika wengi waliobeba mizigo ile hawakurudi makwao. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, alikwenda kwanza Mnazi Mmoja na nishani zake kifuani, ndipo akaja kufungua duka.

Sasa nisikilizeni. Marehemu naye alikuwa na watu wanaomdai. Hao walipwe kwanza, kabla ya mtu yeyote kugusa mirathi; dini imesema hivyo na yeye angetaka hivyo. Mkigawana, dada zenu wapewe fungu lao wakiwa wamekaa kikaoni, si kuletewa habari jikoni. Mkubwa wao ndiye aliyeshika hesabu za duka miaka yote kaka zake walipokuwa wakitafuta maisha kwingine. Nalisema hili waziwazi kwa kuwa nimeona familia tatu mtaani kwetu zikivunjika hapo hapo.

Kwenye daftari, mwenye uwezo na aombwe kwa adabu, alipe. Penye wino mwekundu pasiguswe. Mjane asibishiwe hodi kwa deni ambalo Afande mwenyewe alishalifuta kwa mkono wake. Na ninyi mafundi, msije mkasema hayo ni ya wenye mali. Kila mmoja wenu yumo kwenye daftari lile, na hakuna aliyewahi kukatwa mshahara.

Fedha za fulana zikibaki, wapelekeni wajukuu Kaboya, wilayani Muleba, walikozikwa askari wa vita vya Kagera. Babu yao alitamani safari hiyo mpaka miguu ikakataa.

Jumamosi baada ya laasiri nitakuja dukani. Daftari liwe mezani, dada yenu mkubwa awepo, na spana isitolewe ukutani.

Mzee wenu, jirani wa marehemu,
Ilala