Mfereji wa Erie usipimwe kwa urefu pekee

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie Mfereji wa Erie wa Marekani, ambao hutajwa mara kwa mara tunapojadili miundombinu hapa Nairobi. Husemwa ulikuwa na urefu wa kilomita 584, kutoka Albany, kwenye Mto Hudson unaoteremka hadi jiji la New York, hadi Buffalo kando ya Ziwa Erie, na kwamba uligharimu takriban dola milioni 7. Basi. Mkulima aliyeishi kando yake hatajwi, ilhali hesabu yenyewe iko kwake.

Kabla ya mfereji, familia ya walowezi magharibi mwa jimbo la New York ingeweza kuvuna ngano na isipate pa kuiuza. Kusafirisha tani moja kutoka Buffalo hadi jiji la New York kuligharimu karibu dola 100, nauli iliyomeza bei ya ngano na zaidi. Kwa hivyo familia ilitegemea potashi. Miti iliyokatwa kusafisha shamba ilichomwa, majivu yakatiwa katika mapipa yaliyotobolewa chini na kutandikwa nyasi kavu, kisha yakamwagiwa maji, jinsi munyu wa kienyeji unavyochujwa kule Magharibi mwa Kenya. Yaliyochuruzika yalichemshwa katika masufuria makubwa ya chuma hadi yakakauka, na kilichobaki kikauzwa kwa watengenezaji wa sabuni na kioo. Shamba lenyewe, tusifiche, lilikuwa ardhi ya Wahaudenosaunee (Wairokwa), wenyeji wa asili walioondolewa baada ya vita vya uhuru wa Marekani.

Uchimbaji ulianza Rome, New York, tarehe 4 Julai 1817. Wakulima wengi wa huko walipewa kandarasi za vipande vifupi. Mfereji ulikuwa na kina cha mita 1.2 tu, na upana wa mita 12 kwa juu. Kuchimba hakukuwa kazi ngumu zaidi. Ngumu ilikuwa kuzuia maji yasipotee. Udongo wa mfinyanzi ulilowekwa, ukakandwa na kushindiliwa tabaka kwa tabaka. Ukiachwa ukauke hupasuka, na maji yakipata ufa hula ukingo mzima. Panya wa majini nao walitoboa kingo, hivyo ilibidi zikaguliwe kila mara.

Kwenye malango ya kupandishia mashua, chokaa ya kawaida ililainika ndani ya maji. Mhandisi Canvass White alipata karibu na Chittenango mawe yaliyotoa saruji inayoganda hata majini, na bila hiyo sioni malango yale 83 yangedumu vipi. Kila lango lilikuwa chumba cha maji cha kupandisha au kushusha mashua, na kila mwisho wake ulikuwa na milango miwili inayokutana kwa pembe iliyoelekea maji ya juu. Maji yenyewe ndiyo yaliyoikaza. Hakuna nguvu za mtu zingeifungua kabla maji ya pande zote mbili hayajalingana. Mlinzi alifungua kwanza vidirisha vidogo vya kupitishia maji, akasubiri, ndipo akasukuma boriti ya mlango.

Mfereji ulipofunguliwa mwaka 1825, nauli ya tani moja ilishuka hadi karibu dola 10. Farasi au nyumbu (chotara wa punda na farasi) wachache walivuta mashua yenye shehena ya tani 30. Ngano ya bonde la Genesee ikasagwa Rochester na kuuzwa mbali. Nguo za viwandani zikafika kwa bei nafuu, na kazi ya kina mama ya kusokota na kufuma nyumbani ikafifia. Wakulima wa mashariki walibanwa na ngano hiyo ya magharibi. Wengine wakageukia maziwa, wengine wakahama. Nao waliokatiwa shamba katikati walijengewa madaraja, lakini ya chini mno, hata abiria juu ya mashua walilazimika kuinama.

Ombi langu kwa waandishi na walimu: mnapotaja mradi huu, tajeni nauli ya tani moja kabla na baada, na mseme ni mkulima yupi aliyefaidi na yupi aliyeumia. Miradi yetu ya unyunyizaji, Mwea ikiwemo, iulizwe maswali hayo hayo, pamoja na nani anakagua kingo za mifereji na kwa fedha zipi.

Mwalimu wa Historia,
Nairobi